Jiko la chuma la kuotea moto: sanduku linapita, bomba linafeli

Kipupwe kinapokaribia, karakana za kuchomelea za Mbeya, Makambako na Mafinga huanza kupanga nje bidhaa ileile: sanduku la chuma lenye miguu minne, mlango mmoja mbele na shingo ya bomba juu. Wapo wanaoliita jiko la kuotea moto, wapo wanaoliita meko ya sebuleni. Tunalolipima hapa ni jiko hilo la kienyeji la kuni, lisilo na nembo: linavyotengenezwa, linavyofungwa majumbani, na linapoanzia kuharibika. Hukumu tunaitoa mapema. Sanduku lenyewe, likiwa na chuma cha kutosha, ni zuri kuliko sura yake. Kile kinachouzwa pamoja nalo kwa jina la bomba ndicho cha kukataa, na hapo ndipo wanunuzi wengi hubana pesa.

Tuanze na chuma. Fundi akisema ni cha milimita 4, omba mizani. Bati la chuma la mita moja ya mraba lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa karibu kilo 7.85, kwa hiyo hesabu haina siri. Sanduku la kawaida la kimo cha sentimita 60, upana 50 na kina 40 hula karibu mita 1.5 za mraba. Likiwa kweli la milimita 4 litafika kilo 46 kabla hujaweka miguu. Likiwa la milimita 2 litakuwa kilo 23 tu. Jiko ambalo kijana mmoja analitia begani huku anaongea na simu si la milimita 4, hata lipakwe rangi nyeusi mara tatu.

Unene una sababu yake. Chuma chembamba hupinda kikipata moto mkali, na kinachopinda kwanza ni fremu ya mlango. Baada ya msimu mmoja mlango haukai sawa, hewa inaingia unapotaka isiingie, na moto hauongozeki tena. Kwa pande, milimita 3 ndiyo ya chini kabisa. Bamba la juu liwe milimita 5, hasa kama unataka kuweka birika au kuchemshia viazi, jambo ambalo kila mwenye jiko hili huishia kulifanya. Ndani, laza tofali za kuchoma sakafuni na uzisimamishe kwenye pande mbili. Zinakinga chuma, zinatunza joto moto unapopungua, na kwa kuwa chumba cha moto kinabaki na joto kali, moshi huungua zaidi kabla ya kuingia kwenye bomba. Usiweke mawe ya mtoni. Maji yaliyojificha ndani yake yakigeuka mvuke, jiwe hupasuka na kurusha vipande.

Majiko ya mapipa hatuyapi alama yoyote. Pipa la lita 200 ni bati la karibu milimita 1, hutoboka upesi, na huwezi kujua lilibeba nini kabla ya kukufikia. Ya mitungi ya gesi yana chuma kizuri zaidi, lakini mtungi uliokatwa bila kujazwa maji kwanza ni bomu mikononi mwa fundi, na mara nyingi si mali ya aliyeuuza.

Mlango upimwe kwa kipande cha gazeti. Kibane kati ya mlango na fremu, funga, kisha vuta. Kikitoka bila kukwama, mlango unavujisha. Rudia kwenye pembe zote nne. Jiko zuri lina mfereji wa kamba inayovumilia moto kuzunguka mlango. Mengi ya mitaani hayana, na fundi anaweza kuuongeza ukimwambia kabla hajapaka rangi. Kioo cha dirisha kilichopachikwa mlangoni kwa ajili ya urembo kikatae. Kioo cha kawaida hakivumilii tofauti kubwa ya joto, na kitapasuka siku moja moto ukiwa umekolea. Kama huna kioo maalumu cha jiko, mlango wa chuma mtupu ni salama zaidi. Hakikisha pia kuna kidirisha cha hewa cha kusogeza chini ya mlango. Bila hicho unabaki na namna mbili tu za moto: unaounguruma na uliozimika.

Sasa bomba. Sanduku linachoma kuni, lakini kinachovuta hewa, kinachotoa sumu nje na kinachoweza kuwasha kenchi za paa ni bomba. Kasoro ya kwanza ni upenyo. Jiko la ukubwa tuliotaja linataka bomba la inchi 6, yaani sentimita 15, na lisipungue mahali popote hadi juu. Ukifungiwa la inchi 4 kwa sababu ndilo lililokuwepo dukani, usidhani umepoteza theluthi moja tu. Nafasi ya moshi kupita katika bomba la inchi 6 ni zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 4. Jiko hilo litatema moshi sebuleni kila unapofungua mlango, na mwenye nyumba atalaumu kuni.

Kasoro ya pili ni bati lenyewe. Mabomba mengi hukunjwa kwa bati la kuezekea la geji 28 au 30, ambalo ni jembamba sana kwa kazi hii. Geji 24 ndiyo ya kuanzia. Kumbuka namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Mita ya kwanza kutoka kwenye jiko iwe chuma cheusi, si bati lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, na ikipata joto kupita kiasi hutoa mvuke unaoumiza kifua.

Kasoro ya tatu huwashangaza wengi: vipande huunganishwa kichwa chini. Kila kipande cha bomba kina ncha moja pana na nyingine iliyobanwa. Ncha iliyobanwa itazame chini, iingie ndani ya kipande kilicho upande wa jiko. Fundi wa mifereji ya mvua hufikiri moshi unapanda, kwa hiyo hufunga kinyume. Lakini kinachoshuka ni majimaji meusi ya lami ya moshi, na bomba likifungwa kinyume yatatokea kwenye kila kiungo na kuchirizika hadi kwenye kapeti. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu. Gundi ya kuzibia si mbadala wa skrubu.

Viwiko visizidi viwili, na vya nyuzi 45 ni bora kuliko vya 90. Sehemu inayolala ipande kidogo, angalau sentimita 2 kwa kila mita. Urefu wote kutoka jiko hadi kofia usiwe chini ya mita 4.5, na huku kwetu ongeza. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia 2,000. Katika mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko ya pwani, na bomba hulazimika kuwa refu zaidi ili livute kwa nguvu ileile. Kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya jiko la kuagiza kutoka nje mara nyingi hakikufikiria Makete.

Juu ya paa, bomba lipite sentimita 90 kutoka mahali linapotobolea bati, na liwe sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, kiwe mgongo wa paa au tangi la maji. Likiwa fupi, upepo unaoparamia paa husukuma moshi kurudi ndani. Kofia iwe na wavu wa kuzuia cheche, wenye matundu ya kama milimita 12. Wavu wa madirisha wa kuzuia mbu huziba kwa masizi baada ya wiki chache.

Tukaze macho kwenye dari, maana hapa ndipo nyumba huungulia. Utaratibu uliozoeleka ni kutoboa tundu kwenye dari la jipsamu au mbao, kupitisha bomba tupu, kisha kuzungushia kipande cha bati ili papendeze. Chini panapendeza kweli. Juu ya dari, bomba lenye joto kali linapita karibu na blandaringi, zile mbao za kushikilia dari, na mbao za mbili kwa nne ambazo zimekauka miaka kumi. Mbao ikipashwa joto miezi na miezi hubadilika taratibu na kuwa rahisi kushika moto kuliko ilipokuwa mpya. Ndiyo maana mtu husema bomba limekaa misimu mitatu bila tatizo, halafu msimu wa nne paa linaondoka. Bomba la bati moja, yaani lenye ukuta mmoja tu, linataka sentimita 45 za uwazi kutoka kwa chochote kinachoungua. Katika dari la kawaida uwazi huo haupatikani. Basi kanuni ni moja: bomba la bati moja lisipite kwenye dari kabisa.

Njia mbadala zipo. Bomba la kuta mbili lililojazwa katikati sufi ya mawe, yaani nyuzi za madini zisizoungua, ni suluhisho safi, ila usikubali la kujitengenezea kwa kujaza pumba za mbao au sufi ya godoro, na tumewahi kuombwa maoni kuhusu vyote viwili. Ya pili ni kutoka nje kupitia ukuta wa tofali na kupanda nje ya nyumba. Ni salama kwa dari, lakini bomba la nje hupoa haraka kwenye baridi ya Uyole au Kitulo, na moshi uliopoa ndio unaogeuka lami. Utalisafisha mara mbili zaidi. Ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwa Nyanda za Juu Kusini, kwa kuwa tofali za kuchoma zinapatikana kila kona: jenga dohani ya tofali kuanzia msingi wake yenyewe, tundu la ndani sentimita 20 kwa 20, kisha bomba fupi la jiko liingie humo kwa pembeni. Ukuta wa dohani usigusane na kenchi wala papi, zile mbao zinazobeba bati. Acha sentimita 5 pande zote na usizijaze kwa vipande vya mbao. Ndani, tofali zishikwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, kwani saruji tupu hupasuka ikipata moto na kupoa kila siku. Chini ya tundu la kuingilia bomba acha kilango cha kutolea masizi. Na kwa kuwa Mbeya imekaa kwenye Bonde la Ufa, baada ya tetemeko lolote la kueleweka washa karatasi chache na majani mabichi, kisha panda darini na tochi utazame kama kuna ufa unaopumua moshi.

Umbali wa sebuleni unasahaulika kwa sababu jiko baridi halitishi mtu. Sentimita 90 kutoka kwa kochi, pazia, kabati na ukuta wa mbao. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu hauungui, ila rangi yake itababuka ukisogeza karibu mno. Chini, kama kuna kapeti la plastiki, likate. Weka bamba la chuma juu ya safu ya tofali, litokeze sentimita 40 mbele ya mlango na 20 kila upande, ambako makaa hurukia. Kamba ya kuanikia sare za shule juu ya jiko ni marufuku, hata siku ya mvua ya Tukuyu. Penye mtoto anayetambaa, zungushia uzio wa chuma.

Vipi meko ya ukutani, yale ya wazi kama kwenye nyumba za zamani za Uzunguni? Kwa macho, hakuna kinachoyashinda. Kwa joto, hupoteza sehemu kubwa kupitia dohani na huvuta hewa baridi kutoka chini ya milango, kiasi kwamba uso unaungua na mgongo unatetemeka. Ukirithi moja, pima mdomo wake: eneo la tundu la dohani liwe angalau moja ya kumi ya eneo la mdomo. Likipungua, litafukiza. Weka wavu wa cheche mbele, na kilango cha kufungia koo la dohani kisifungwe mpaka majivu yawe baridi.

Kuhusu kuni, kosa kubwa si aina, ni maji. Kuni iliyokatwa jana inaweza kuwa nusu maji kwa uzito. Inayofaa ina chini ya asilimia 20, na kufika hapo kunahitaji miezi sita hadi mwaka mzima ikiwa imepasuliwa na kupangwa chini ya bati penye upepo. Huhitaji kifaa cha kupimia. Weka alama kwenye kipande kimoja, kipime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, lundo limekauka. Miwati ndiyo mfalme wa kuni za Njombe: nzito, ina makaa ya kudumu. Mikaratusi ipasuliwe ikiwa bado mibichi, ikikauka nyuzi zake hukataa shoka. Paini inasingiziwa kwamba utomvu wake unaziba bomba. Kinachoziba ni ubichi. Mabanzi ya viwanda vya mbao vya Mafinga ni rahisi na hukauka haraka, lakini yanawaka kama karatasi, basi weka machache kwa wakati, la sivyo shingo ya bomba itakuwa nyekundu. Kataa kabisa vipande vya nguzo za umeme vyenye rangi ya kijani. Dawa yake ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki hiyo hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu ambayo mtu atayamwaga kwenye mchicha.

Jiko jipya liwashwe mara tatu kwa moto mdogo, nje ya nyumba, hadi harufu ya rangi iishe. Kwa kuwasha kila siku, panga juu-chini: magogo mawili chini, kuni nyembamba katikati, vijiti na karatasi juu kabisa, kisha washa juu. Bomba linapata joto mapema na moshi unakuwa kidogo. Mafuta ya taa na petroli yasikaribie. Na usilaze moto usiku kwa kuziba hewa yote. Moto unaofuka bila kuwaka ndio kiwanda cha lami ya moshi.

Masizi yakifika milimita 3 ndani ya bomba, safisha. Kwa anayewasha kila jioni, kagua kila mwezi wakati wa kipupwe. Yakiwa unga mkavu, brashi ya waya inatosha. Yakiwa yanang'aa kama lami ya barabara, shusha bomba lote. Lami hiyo ikiwaka joto huweza kupita nyuzi 1,000, na utasikia bomba linanguruma kama lori linapanda mlima Nyang'oro. Hapo funga mlango na kidirisha cha hewa, toa watu wote, piga 114 kwa Zimamoto. Usimwage maji kwenye chuma kilichoiva. Majivu yatolewe kwa ndoo ya bati yenye kifuniko, yakae nje mbali na ukuta siku nne, kwa kuwa kaa lililofunikwa na majivu hukaa hai muda wote huo. Kiroba na ndoo ya plastiki si vyombo vya majivu.

Mshindani halisi wa jiko hili kwa bei ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Hatulilinganishi, tunalikataza. Dhana kwamba mkaa ukishakuwa mwekundu bila moshi umekuwa salama ni uongo unaoua. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jiko la kuni lenye bomba lililoziba nalo hutoa gesi hiyohiyo, kwa hiyo chumba kiwe na tundu la hewa la sentimita 10 ambalo hakuna anayelichomeka tambara kwa sababu ya baridi.

Ukiweza kuagiza, nunua kengele ya kaboni monoksaidi yenye kiwango cha Ulaya cha EN 50291. Kengele ya moshi haifanyi kazi hiyo. Iwekwe mita 1 hadi 3 kutoka jiko, na nyingine chumbani kwenye usawa wa kichwa cha aliyelala. Gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni, kengele inapaswa kulia ndani ya dakika 3. Kwa sehemu 50 husubiri saa moja hadi saa moja na nusu, na huo si ubovu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakipata kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, na mtu akitoka nje anapata nafuu, msidhani ni malaria. Tokeni wote, milango ibaki wazi, mgonjwa apelekwe hospitali yenye oksijeni. Kwenye hewa ya kawaida nusu ya gesi huchukua saa nne hadi sita kutoka kwenye damu. Kwa oksijeni kamili ni kama saa moja na nusu. Kumnywesha mgonjwa maziwa hakusaidii lolote.